Mko wanne San Diego Comic-Con? Gawaneni kabla foleni haijawagawa

Wiki hii ameandika msomaji aliyeko Houston. Wako wanne, wamejuana tangu sekondari, na Julai wanakwenda San Diego Comic-Con, lile tamasha kubwa la vitabu vya katuni na filamu. Watatu wamepata beji, yaani tiketi za kuingilia, za Alhamisi na Ijumaa, wa nne ameambulia Jumapili peke yake. Lawama zimeshaanza. Anauliza: wamnunulie mwenzao beji ya Alhamisi kutoka kwa mtu anayeiuza mtandaoni?

Hapana. Msitoe hata dola moja. Beji ina jina la mwenyewe, hairuhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu mwingine, na tangu 2016 ina chipu inayosomwa mlangoni unapoingia na unapotoka. Waandaaji wakijua imeuzwa wanaifunga, na mnunuzi anabaki nje na hasara yake. Hilo la kugusisha beji wakati wa kutoka lishikeni wote. Ukichomoka kwa haraka bila kuigusisha, mfumo unahesabu kwamba bado uko ndani, na ukirudi mlango unakukataa.

Kosa la kundi hili lilitokea siku ya mauzo, na makundi mengi hukosea hapo hapo. Kila mtu lazima awe na akaunti yake ya uanachama iliyothibitishwa kabla usajili haujafungwa. Siku yenyewe mnaingia kwenye chumba cha kusubiri mtandaoni, na foleni inapangwa kwa bahati nasibu. Aliyeingia chumba kilipofunguliwa na aliyeingia dakika tano kabla mauzo hayajaanza wana nafasi sawa, kwa hiyo usiumize kichwa na kuwahi. Umiza kichwa na usahihi. Anayepenya anaruhusiwa kununua beji yake na za wenzake wawili, basi watatu kwa jumla. Mkiwa wanne, wawili kati yenu lazima wapenye, la sivyo mmoja anaachwa.

Waandaeni hivi. Kwenye jedwali moja ambalo wote mnaliona, andikeni namba ya uanachama ya kila mtu, jina la ukoo, na siku anazotaka kwa mpangilio wa umuhimu. Jina la ukoo ndilo linalotuangusha sisi wenye majina matatu. Mtu amejisajili kwa jina la babu, rafiki yake anaandika jina la baba, mfumo unamkataa, na dakika za malipo zinakwisha huku mnapigiana simu. Linakiliwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye akaunti. Anayepenya anaanza na yule asiye na mwenzake mwingine wa kumnunulia, na akimaliza anaandika "tayari" kwenye jedwali palepale, ili mwingine asipoteze nafasi kwa mtu ambaye keshapata. Na kabla ya yote, kubalianeni: tukipata siku tofauti, tunakwenda au hatuendi? Hilo likijibiwa mapema, hakuna wa kununiana baadaye.

Sasa siku zenyewe. Tamasha hili lilianza 1970, na mkutano wake wa Agosti mwaka huo ulikuwa na watu kama 300 katika hoteli ya U.S. Grant. Leo linapokea zaidi ya watu 130,000 ndani ya jengo la mikutano lililo kando ya bandari, ambalo limelihifadhi tangu 1991. Ukumbi H, ambako studio kubwa huleta waigizaji wao, una viti karibu 6,500. Pigeni hesabu hiyo kabla ya kuniambia kwamba wote wanne mtaona kila kitu pamoja.

Marafiki hawagombani Comic-Con kwa sababu ya tabia mbaya. Wanagombana kwa sababu mmoja anataka Ukumbi H, mwingine anataka kuchorewa picha, wa tatu ana njaa, na wote wanaburutana kama ng'ombe wa plau mpaka jioni, hakuna aliyepata lake. Dawa yake ni kila mtu kutaja mambo mawili tu ambayo akiyakosa safari itamuuma. Wanne mna mambo manane. Yapangeni kwenye saa, mtaona mengine yanagongana, na hapo mnagawanyika wawili wawili. Kinachobaki ni ziada, hakimlazimu mtu.

Kukutana kuwe na mahali na saa, kwa sababu ndani ya ukumbi mtandao wa simu huelemewa na ujumbe wa saa sita unafika saa nane. Chagueni ghorofa ya juu, Sails Pavilion, lile paa la matanga meupe. Linajulikana, na mtu haendi huko kwa kupita tu. Saa 7 mchana na saa 11 jioni zinatosha. Asiyefika ndani ya dakika kumi anaachwa, bila kinyongo, mnaonana zamu inayofuata.

Anayetaka Ukumbi H ajue anachokinunua kwa usingizi wake. Mikanda ya mkononi yenye herufi A, B, C na D hutolewa usiku wa kuamkia siku husika. A ndiyo ya mbele kabisa. Kila mtu lazima awepo mwenyewe kuvalishwa, huwezi kumchukulia rafiki. Mkishapata, baadhi yenu wanaweza kwenda kulala huku wengine wakishikilia nafasi, mradi warudi asubuhi kabla ya muda uliotangazwa. Msimwache mtu peke yake usiku, awe mwanamume au mwanamke. Wawili wakae, wapokezane kulala. Na Julai isiwadanganye: mchana nyuzi 24, lakini usiku upepo wa baharini huishusha hadi kama 18, na umelala juu ya zege. Joto linaibiwa na sakafu kuliko hewa, kwa hiyo mkeka wa povu chini una faida kuliko blanketi la pili juu.

Kumbi hazitolewi watu kati ya mazungumzo moja na jingine. Aliyekaa tangu asubuhi ana haki ya kukaa hadi jioni. Maana yake, ukitaka ya saa 10 na ukumbi ni maarufu, ingia kwenye ya saa 8 na uisikilize kwa heshima. Ukitaka choo, muulize mhudumu wa mlangoni utaratibu wa pasi kabla hujavuka kizingiti.

Chini kwenye vibanda, angalieni namba zinazoning'inia darini. Namba ndogo ziko upande wa Ukumbi A, ambako wafanyabiashara wa vitabu vya zamani vya katuni hupanga masanduku yao. Katikati ni studio na watengeneza midoli, na ndiko msongamano ulipo. Namba za juu, upande wa Ukumbi G, ziko karibu na Artists' Alley, eneo la meza za wachoraji. Kutoka kitabu cha zamani hadi mchoraji unayempenda unavuka ukumbi mzima, kwa hiyo msikate kupitia katikati. Tokeni kwenye varanda ya nje, tembeeni, ingieni upande wa pili.

Artists' Alley naipenda kuliko sehemu yoyote, na naona inanyimwa muda. Wachoraji hupokea oda za kuchora mapema, na orodha ikijaa imejaa, kwa hiyo anayetaka kuchorewa aende asubuhi ya kwanza aliyo na beji. Uwe na picha safi ya mhusika kwenye simu, iliyopakuliwa, si ya kutafuta mtandaoni mbele ya mtu mwenye foleni. Noti za dola 5 na 20 zibebe, maana mashine ya kadi nayo inategemea mtandao ule ule uliolala. Chapa nyingi, yaani nakala za michoro, huuzwa kwa inchi 11 kwa 17. Usiziviringishe ukazifunga mpira wa manjano. Ule mpira unaacha mstari mwembamba unaovuka karatasi nzima, wino unapasuka juu yake kama ukucha uliokwaruza rangi, na haurudi. Nunua mkoba bapa wa mchoraji, tia kadibodi ngumu nyuma na mbele, chapa ziingie zikitazamana na karatasi nyeupe katikati.

Wenye kuvaa mavazi ya wahusika, silaha yoyote ya mchezo hukaguliwa na kufungwa alama jengoni, na inayofyatua kitu haipiti. Vazi la povu la EVA msiliache kwenye gari lililoegeshwa juani, gundi ya mguso hulainika kwa joto na maungio yanaachia yenyewe. Begani mwa rafiki asiyevaa vazi, yaani mlinzi wenu, kuwe na mfuko wenye supaglu, pini, sindano na uzi, utepe wa kunata pande mbili, na mkasi mdogo wa ncha butu. Mlinzi ndiye anayeona ngazi ambazo aliye ndani ya kinyago hazioni. Mpeni heshima yake, na awe na zamu ya kupumzika.

Visigino vibandikwe plasta asubuhi kabla ya kuuma, si baada. Chakula cha ndani ni ghali na kina foleni yake. Chapati iliyoviringishwa na yai, ndizi, karanga na chupa ya maji ya kujaza vinamfikisha mtu jioni bila mchuzi kumwagikia mtu vazi lake. Wanaolala mbali wachukue hoteli za Mission Valley zilizo jirani na treni ya Green Line, inawashusha mbele ya jengo. Egesho la katikati ya mji liacheni.

Nirudi kwa yule rafiki wa Jumapili. Alhamisi na Ijumaa asibaki hotelini. Ng'ambo ya reli, kwenye mtaa wa Gaslamp Quarter, studio hufungua maonyesho yao mitaani, na mengi hayadai beji. Jumapili ukumbi unafungwa saa 11 jioni, mapema kuliko siku nyingine, na kuanzia saa 8 wenye masanduku ya vitabu upande wa Ukumbi A wanaanza kuwaza uzito wa kurudi nao. Hapo bei inapatanishwa. Akabidhiwe orodha ya wenzake watatu na pesa taslimu, aanzie njia za namba ndogo.