Kabla hujalipa advansi kiwandani: kwa anayeanza kujichapishia kitabu

Mtu akimaliza kuandika kitabu chake cha kwanza na kuamua kukichapisha mwenyewe, swali linalomtoka mdomoni ni: "Kopi elfu moja ni shilingi ngapi?" Mimi humrudishia swali lingine. Ni watu wangapi ambao leo jioni ukiwaambia kitabu kipo, watatuma hela? Hapo wengi hunitajia idadi ya wafuasi wao Facebook. Wafuasi wanapenda picha ya jalada, wanaandika "hongera sana", kisha wanaendelea na shughuli zao. Kujichapishia ni biashara, na kinachoua mitaji ya waandishi wapya kuliko kitu kingine chochote ni idadi ya nakala.

Ukielewa mashine utaelewa mtego wenyewe. Kwenye uchapaji wa ofseti, fundi hutengeneza pleti, yaani mabamba yenye kurasa zako, kabla karatasi ya kwanza haijapita, na gharama ya pleti ni ileile uchape nakala 200 au 2,000. Ndiyo maana mwenye kiwanda atakuonyesha bei inavyoshuka kadiri unavyoongeza idadi, nawe utaona kuchapa chache ni ujinga. Hakudanganyi. Ila yeye akishakukabidhi maboksi kazi yake imekwisha, na kitabu kilicholala stoo hakina bei nafuu hata kama kila kopi ilikugharimu kidogo. Mashine za dijitali hazina pleti, kwa hiyo unaweza kuchapa 50 au 100 bila kuumia sana. Kila kopi itakuwa ghali kidogo. Kwa kitabu cha kwanza, kubali hasara hiyo ndogo.

Tupige hesabu kwa namba za mfano, zako utaziweka mwenyewe. Umechapa nakala 300 kwa shilingi 4,500 kila moja: hiyo ni 1,350,000. Mhariri umempa 400,000, jalada 150,000, mpangilio wa kurasa 150,000. Jumla 2,050,000. Unauza kwa 12,000. Ukiuza mkono kwa mkono, unarudisha mtaji ukifika kopi ya 171. Lakini duka la vitabu likichukua asilimia 35, mkononi inabaki 7,800, na sasa unahitaji kuuza 263 kabla hujaona faida ya shilingi moja. Zimebaki kopi 37, na hapo sijahesabu nauli, makato ya kutuma na kutolea pesa, wala shangazi na binamu ambao wote wanaamini kopi ya bure ni haki yao. Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla ya kupanga bei ya kitabu. Usipange bei kwa kuangalia jirani anauza ngapi.

Kwa sababu hiyo mimi napenda oda za mapema. Tangaza kitabu mhariri anapokuwa amemaliza kazi, toa tarehe ambayo una hakika nayo, pokea malipo kwa M-Pesa au Airtel Money, andika majina kwenye daftari. Wakilipa watu 40, chapa 100. Wanaoandika hadithi za mfululizo wanaijua njia hii siku nyingi: wanarusha vipande vya mwanzo bure Facebook, msomaji akinogewa analipia shilingi elfu moja au mbili apate vilivyobaki WhatsApp. Huko wanajifunza kitu ambacho kiwandani hakifundishwi, yaani ni wapi msomaji anaacha kusoma. Ubaya wake ni kwamba faili la PDF likishatoka halirudi. Litasambazwa kwenye magrupu, na hutamkamata mtu. Kama kitabu chako ndicho unachotegemea kula, kitoe kwa karatasi kwanza.

Sasa mahali pa kutumia pesa bila huruma: uhariri. Rafiki yako mwalimu wa Kiswahili atakurekebishia sarufi, na ni msaada mkubwa, lakini hatathubutu kukwambia sura ya tatu inachosha. Tafuta mtu asiyekuogopa. Mlipe, mwandikiane hata ukurasa mmoja kuhusu kazi, muda na malipo. Baada yake tafuta jicho jingine la kusoma chapa ya mwisho, kwa sababu mhariri naye akishausoma muswada mara nyingi haoni tena "ata" iliyotakiwa kuwa "hata", wala r iliyokaa mahali pa l. Programu ya kompyuta haitakuokoa hapo. Kwenye kompyuta nyingi matini yote ya Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, mazuri na mabovu.

Mpangaji wa kurasa naye mfuatilie. Akiacha programu ikate maneno kwa kanuni za Kiingereza, utakuta "mw" imebaki mwisho wa mstari na "alimu" imeshuka chini. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, kwa hiyo aiambie mashine ikate hapo au azime kabisa ukataji. Akizima, maneno marefu kama "wanayoyazungumza" yataacha mapengo kwenye mistari iliyonyooshwa pande zote mbili, na itabidi ayapitie kwa jicho. Kurasa za ofseti huchapwa kwa mafungu, mara nyingi ya 16, hivyo kitabu cha kurasa 163 kitakwenda hadi 176. Kurasa hizo 13 utazilipia. Punguza kidogo zirudi 160, au uzitumie. Usiruhusu jalada likamilike kabla idadi ya kurasa na uzito wa karatasi havijajulikana, maana unene wa mgongo unatokana na hivyo viwili. Na ukimlipa mchoraji, dai faili la kazi linalofunguka na kurekebishika. Ukibaki na PDF tu, siku ya kuchapa tena utamtafuta na simu yake haipatikani.

Kabla ya kuruhusu mashine zianze, omba nakala moja ya mfano, uikunjue mpaka gundi ilie. Kurasa zikichomoka hapo, kwa msomaji zitachomoka pia.

Mambo ya ofisini hayatishi kama watu wanavyosema. Namba ya ISBN, inayokitambulisha kitabu chako kimataifa, hapa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ina tarakimu 13, na za kwetu utazitambua kwa 9976, 9987 au 9912 baada ya 978. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja kina namba yake. ISBN haikupi umiliki wa kazi. Hakimiliki unayo tangu ulipoandika, kwa Sheria ya mwaka 1999, na kusajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kama unalenga shule, ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, yaani kibali cha kitabu kutumika shuleni, ni safari nyingine kabisa. Usichape kwa kuitegemea kabla hujaipata.

Madukani utapokewa kwa mali kauli: unaacha vitabu, unalipwa vikiuzwa. Acha vichache, vitano au kumi, upewe karatasi yenye sahihi, na upite mwenyewe kila mwezi. Asiyepita halipwi, na sioni sababu ya kumlaumu mwenye duka mwenye mamia ya vitabu. Wateja wa Mwanza au Mbeya watumie kwa basi, gharama ya kifurushi iwe juu yao na waijue kabla hawajalipa. Uzinduzi wenye mgeni rasmi ufanye kama una wageni watakaonunua. Ukumbi na vitafunwa vimekula faida ya vitabu vingi vizuri.

Weka kopi moja mezani, usiiuze. Kila kosa msomaji atakalokuonyesha, liandike humo kwa kalamu nyekundu. Zikibaki nakala 20, rudisha marekebisho kwa mpangaji na anza kupokea oda za awamu ya pili. Ukirekebisha makosa ya chapa tu, ISBN inabaki ileile. Ukiongeza sura au kubadilisha maudhui, hilo ni toleo jipya, omba namba mpya.