Kutazama kiota cha kozi ukiwa Dar: angalia saa kwanza

Mwaka wa kwanza nilitazama kiota cha kozi, yule ndege mwindaji, kwa ujinga, na ujinga ule ulinila mabando matatu ya wiki na usingizi wa karibu mwezi mzima. Ilianza kwa kipande cha video ambacho mwenzangu alikirusha kwenye kundi la wasapu la kazini: ndege kakaa ukingoni mwa jengo refu, magari chini yake kama siafu. Nikafuata kiungo hadi kwenye kamera ya moja kwa moja ya jengo la Collins Street, Melbourne, kule Australia, ambako kozi wamekuwa wakitaga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilikuwa Septemba, msimu umeshika moto. Nikajiambia nimepata burudani ya bure.

Kila nikifungua simu dukani mchana, giza. Saa nane mchana giza, saa kumi giza, ndege kajikunyata hatikisiki. Nilidhani kamera ni mbovu. Siku ya tatu ndipo akili ikanijia: Melbourne wapo mbele yetu kwa saa saba, na ikifika Jumapili ya kwanza ya Oktoba wanasogeza saa zao, tofauti inakuwa nane. Kwao kunapambazuka, sisi huku tunakaribia saa tano usiku. Na alfajiri ndio wakati wenyewe, kwa sababu dume anakuja na njiwa wa kwanza wa siku.

Basi nikawa nakesha. Saa sita, saa saba usiku niko macho, saa kumi na moja alfajiri niamke niwahi daladala ya kutoka Tabata. Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri Gerezani, na wiki ya pili nikamwandikia mteja ankara yenye sifuri moja ya ziada. Bosi hakucheka.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka uchukue huu tu: usichague kiota kwa umaarufu wake, chagua kinachoendana na saa zako. Mtu wa Dar mwenye kazi za mchana kiota chake kiko Uingereza. Kozi wa kule hutaga kuanzia katikati ya Machi, na mwisho wa Machi Waingereza wakishasogeza saa tunawazidi kwa saa mbili tu. Kwao jua likichomoza Aprili, wewe ndio unakunywa chai ya saa mbili asubuhi. Ukirudi nyumbani, ukaoga, ukala, ukakaa kwenye kochi saa mbili au saa tatu usiku, kwao bado kuna mwanga na makinda wanalishwa mlo wa jioni. Ni kama wamekupangia. New York ni ya watu wa mapumziko ya mchana, maana saa saba yetu ndio saa kumi na mbili yao asubuhi. Melbourne waachie walinzi wa usiku na manesi wa zamu. Sisemi kwa dharau, mlinzi wa jengo letu ndiye niliyemrithisha kiota kile, na leo ananizidi kwa mbali. Ananisimulia kila nikitoka, "Dada, jana kaleta ndege wa kijani, sijui kasuku!"

Sasa bando. Video ya moja kwa moja haina huruma. Simu ikijichagulia ubora yenyewe itachukua wa juu kabisa, na usiku mmoja unaweza kulala ukaamka huna hata MB ya kutumia wasapu. Shusha ubora mwenyewe mpaka 360p. Kwangu saa nzima ya hapo ilikula kama MB 300, na ndege anaonekana vizuri tu. Halafu usitazame saa nzima. Kozi akiatamia hafanyi kitu. Nakwambia hafanyi kitu kabisa, anageuza mayai, anafumba jicho, basi. Dakika kumi asubuhi na ishirini jioni zinatosha. Kamera nyingi za aina hii zinakuruhusu kurudisha video nyuma kwa saa kadhaa, hivyo ukikosa mlo unaurudia.

Niseme kidogo kuhusu ndege mwenyewe, maana wengi wakisikia kozi wanafikiria mwewe. Wengine humwita kozi kipanga. Mwewe unamjua, yule wa kuzunguka zunguka juu ya dampo na soko la samaki, mkia wake una panda na anaupinda pinda kama usukani. Kozi ana mabawa yaliyochongoka, mkia mfupi, na weusi unaoshuka kutoka machoni kama sharubu. Hazunguki kutafuta mizoga. Anapanda juu, anakunja mabawa, anashuka kama jiwe, na akishuka hivyo anapita kilomita 300 kwa saa. Chakula chake ni ndege wenzake, na mjini ndege huyo mara nyingi ni njiwa.

Hajengi kiota. Hili lilinishangaza kuliko mbio zake. Porini anaparura kishimo kwenye ukingo wa jabali na kutaga humo humo. Jengo refu kwake ni jabali lenye madirisha, ila zege halina changarawe, mayai yanabingirika au yanakaa kwenye maji. Ndiyo maana majengo mengi utakayoyaona yamewekewa trei au sanduku lenye changarawe. Hapo ndipo binadamu alipolipa sehemu ya deni lake, kwa sababu miaka ya 1950 na 1960 dawa ya kuulia wadudu ya DDT ilikuwa inapita kwenye wadudu, inaingia kwa ndege wadogo, inaishia kwa kozi, na ganda la yai linakuwa jembamba mno. Mama akiliatamia linavunjika. Marekani, mashariki ya mto Mississippi, kufikia katikati ya miaka ya 1960 hapakuwa na jozi hata moja iliyokuwa ikizaliana. DDT ikapigwa marufuku huko mwaka 1972, watu wakafuga kozi na kuwaachia makinda kwa maelfu, baadhi wakaamua kwamba madaraja na maghorofa yanawafaa. Mwaka 1999 wakaondolewa kwenye orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini.

Turudi kwenye kiota. Kosa langu la pili lilikuwa la hesabu, aibu kwa mhasibu. Nilisoma kwamba yai huchukua kama siku 33 kuanguliwa, nikahesabu kuanzia yai la kwanza, nikaomba ruhusa ya siku moja ili nisikose. Nikakaa na simu, chaja, na bakuli la karanga. Hakuna kilichotokea. Kesho yake hakuna. Siku ya tatu, hakuna. Kumbe kozi hutaga mayai matatu au manne kwa kupishana siku mbili hivi, na haatamii kwa dhati mpaka yai la tatu. Mwanzoni anayasimamia tu ili wote waanguliwe kwa kukaribiana. Hesabu kuanzia yai la tatu. Na ukiona tundu dogo kwenye ganda usikimbilie kuwaita majirani, kinda anaweza kuchukua siku mbili na zaidi kutoka hapo mpaka atoke.

Wiki za kuatamia zina jambo moja la kufurahisha: zamu. Dume naye anaatamia, lakini ni mdogo kuliko jike, anapungua kwa karibu theluthi. Akilalia mayai manne yanamzidi, anajipanua, anajisogeza, yai moja linachungulia ubavuni. Jike akirudi anamsimamia kichwani mpaka aondoke. Nimemwona dume amegoma kutoka, kajifanya hasikii. Mama yangu, ambaye sasa tunatazama naye kwa simu, huwa anacheka mpaka anakohoa.

Makinda wakitoka ni pamba nyeupe yenye midomo. Siku za kwanza mama hatoki juu yao, halafu kwenye wiki ya pili anaanza kukaa pembeni nje ya kamera, na watazamaji wapya wanaingiwa na hofu kwamba kawatelekeza. Hajawatelekeza. Yuko mita chache, anawaona, wewe tu ndiye usiyemwona. Kwenye wiki ya tatu baadhi ya viota hutembelewa na watu wenye kamba na mfuko, makinda wanachukuliwa, wanavishwa pete mguuni, wanarudishwa, na mama anawapigia kelele wale watu mpaka unamwonea huruma yeye na wao pia. Wiki ya sita wanaruka. Baada ya hapo unatazama changarawe tupu, kwa hiyo funga.

Na uwe tayari kwa kifo. Nilianza kutazama na mpwa wangu wa miaka saba, na mwaka ule yai moja halikuanguliwa. Lilibaki katikati ya makinda wiki baada ya wiki, wakilikanyaga, na kila jioni mtoto ananiuliza, "Mama mdogo, huyu atatoka lini?" Nilidanganya mara mbili. Ya tatu nikamwambia. Ningekuwa na akili ningemwambia mapema kwamba si kila yai hutoka.

Sijawahi kukuta kiota cha kozi hapa Dar. Wapo kozi wa Afrika, wadogo na weusi zaidi, wanaotaga kwenye majabali, na wapo wanaotaga kaskazini ya mbali, Siberia, wakishuka kwetu kule kukiwa na barafu. Lakini ukishatazama kiota msimu mzima, jicho lako linabadilika. Mimi lilibadilika Januari moja, upepo wa kaskazi unapuliza, natembea upande wa baharini karibu na Daraja la Selander, kwenye mdomo wa Msimbazi. Vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, mamia walikuwa kwenye tope, ghafla wote wakanyanyuka kama shuka linalokung'utwa. Zamani ningepita. Safari hii niliinua macho kwanza.

Ukitaka kujaribu, nenda maji yanapojaa, si yanapokupwa. Yakikupwa vitwitwi wanatawanyika mbali, yakijaa wanabanwa pamoja karibu na wewe, na anayewawinda anajua hivyo. Darubini beba, ila kaa nayo kwa adabu. Eneo lile lina balozi na majengo ambayo walinzi wake hawapendi kuchunguliwa. Niliwahi kusimamishwa nikaulizwa natafuta nini, nikajibu "ndege," na lile jibu lilizidisha maswali, kwa sababu mlinzi alielewa ndege ya abiria. Sasa nabeba kitabu chenye picha. Nakifungua kabla sijaulizwa.

Kuhusu kunguru, wale waliofika Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 na sasa wamejaa kila nguzo ya Dar, usiwachukie siku hiyo. Ndio wapiga filimbi wako. Wakianza kumfukuza kitu kwa kelele, fuata kelele zao kwa darubini.

Bibi yangu alikuwa na methali, kozi mwana mandanda, kulala na njaa kupenda, yaani akilala na njaa ni kwa kutaka mwenyewe. Siku ile Selander nilimtazama kozi akishuka mara nne. Mara nne akakosa. Ya nne alikaribia mpaka nikashika pumzi, kitwitwi akajitupa majini, na kozi akaenda kukaa juu ya nguzo ya taa akajitikisa manyoya. Nikampigia mama.

"Amepata?" akauliza.

"Amekosa tena."

"Basi bibi yako hakuwahi kumtazama vizuri," akasema, na akaniuliza kama kule London wameshaanza.

Bado, nikamwambia. Machi.