MBA kwa afisa mazingira wa chuo: anza na ankara ya umeme, siyo fomu ya kujiunga

Mkuu uliyeuliza, nimekuelewa hivi: una shahada ya sayansi ya mazingira, miaka sita kazini kwenye chuo cha umma hapa Tanzania, kazi yako ni mapipa ya taka, miti na ripoti, na unataka kujua kama MBA (shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara) itakufikisha kwenye meza ambako fedha zinaamuliwa. Inaweza. Ila wengi wanaisoma kinyumenyume: wanapata cheti kwanza, ndipo wanatafuta pa kukitumia.

Kabla ya ada, nenda kwa afisa utumishi uombe muundo wa utumishi wa kada yako. Soma kila ngazi inataka sifa gani. Kama ngazi ya Afisa Mwandamizi na ya juu yake zinataka shahada ya uzamili "katika mazingira au fani inayolingana", usidhani MBA itahesabiwa. Uliza kwa barua, ujibiwe kwa barua. Wapo wanaorudi na cheti kizuri wakaambiwa hakihusiani na kada yao, na njia pekee iliyobaki ni kubadilishiwa kada, ambako unaweza kujikuta umeanzia cheo cha chini cha kada mpya huku wenzako wa mwaka mmoja wakikupita. Hakikisha pia jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka wa mwajiri na ruhusa imeandikwa, hata kama unasoma jioni na unajilipia mwenyewe. Anayesoma kimyakimya hupata shida siku ya kuingiza cheti kwenye faili.

Sasa tuje kwenye kiini. Bursa, yaani mkuu wa fedha wa chuo, hakatai mazingira. Anakataa karatasi isiyo na namba anazoweza kuzikagua. MBA inayokufaa ni ile inayokufundisha kuandika karatasi hiyo, na mahali pa kujifunzia ni ankara ya TANESCO ya chuo chako.

Chuo cha ukubwa wa kati mara nyingi kiko kundi T2 la bei za umeme, linalolipia uniti na pia kilele cha mzigo. Kwa agizo la bei la EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) la 2016, T2 inalipa shilingi 195 kwa uniti, shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele kwa mwezi (kVA ni kipimo cha mzigo wote unaovutwa kwenye gridi), na tozo ya huduma shilingi 14,233, zote kabla ya VAT. Kundi T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292. Mstari wa kVA ndio watu wa mazingira hawausomi, na ndiko kuna mradi wa bei nafuu kuliko yote chuoni.

Chukua chuo chenye kilele cha kVA 400 na pawa fakta 0.80 (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi, yaani kW). Mzigo halisi ni kW 320. Ukipandisha pawa fakta hadi 0.95, kilele kinashuka hadi kVA 337. Umeokoa kVA 63, sawa na shilingi 945,000 hivi kwa mwezi. Kapasita (vifaa vinavyopandisha pawa fakta) zinazohitajika ni kVAr 135; kVAr ni kipimo cha mzigo usiofanya kazi halisi. Sasa usikimbilie kuzidisha mara 12. Wanafunzi wakiwa likizo kilele kinashuka chenyewe, kwa hiyo hesabu miezi tisa: milioni 8.5 kwa mwaka. Tuseme nukuu ya fundi ni milioni 20 (namba ya mfano, leta ya kwako). Mtaji unarudi kwa miaka miwili na miezi minne. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 15 (kinachogeuza fedha za miaka ijayo kuwa thamani ya leo), miaka mitano ya akiba ina thamani ya leo ya milioni 28.5, ukitoa mtaji inabaki NPV (faida halisi kwa thamani ya leo) ya milioni 8.5. Kwa nini asilimia 15? Kwa sababu hatifungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa riba kati ya 12 na 16, na bursa anajua chuo kingeweza kuweka fedha huko bila jasho. Ukija na asilimia 5 uliyoiokota kwenye kitabu cha Ulaya, anafunga faili.

Ujue pia mradi huu unavyoharibika. Kapasita zisizobadilika zilizopimwa kwa mzigo wa muhula hufidia kupita kiasi likizo ikifika, pawa fakta inaenda upande wa pili na volti zinapanda. Agiza zenye kontrola ya hatua kwa hatua. Maabara za kompyuta, UPS na taa za LED hutoa hamoniki (mawimbi machafu ya umeme), na kapasita za kawaida zinaweza kuungua mapema. Agiza zenye rieakta za kinga (koili za kuzuia hamoniki). Mambo haya mawili yakikosekana kwenye maelezo ya zabuni, mshindi atakuwa mwenye bei ya chini na kifaa kibovu.

Sola ndiyo wengi wanaiota, na ndiyo karatasi zake huwa na makosa mengi. Kosa la kwanza: kuthamini kila uniti kwa 292 wakati chuo kinalipa 195. Faida imevimba kwa nusu hapohapo. La pili: kuandika kwamba sola itapunguza malipo ya kVA. Kilele cha mwezi hukamatwa siku moja ya wingu au jioni taa na feni zikiwa zimewaka, na siku hiyo sola haipo. La tatu: inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli) ikitoa kW tupu, gridi inabaki kukupa kVAr zilezile. Kwenye mfano wetu, bila kapasita, sola ya kW 150 mchana inaacha kW 170 na kVAr 240 kutoka gridi, na pawa fakta kwenye mita inaporomoka hadi 0.58. Kwa hiyo kapasita kwanza, sola baadaye. La nne ni kalenda: jua zuri la kiangazi linaangukia likizo ndefu, mitambo inazalisha na hakuna wa kutumia. Pima mzigo wa mchana wa Agosti, wakati wa likizo, usipime wa Novemba.

Kwa wanaotaka mfano wa karibu, Strathmore ya Nairobi iliweka sola ya kW 600 juu ya mapaa mwaka 2014, na ziada ikaingia mkataba wa kuuziwa Kenya Power. Soma mradi ule kama mwanafunzi wa fedha: mkopo ulitoka wapi, mkataba ni wa miaka mingapi, nani anabeba hatari ya mitambo kuharibika. Paneli ni sehemu ndogo ya habari.

Jiko nalo lina somo ambalo darasa la mazingira halifundishi. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania. Kwa mfano, kuni kavu kilo 300 kwa siku, MJ (megajuli za nishati) 16 kwa kilo, kwenye mafiga ya wazi yenye ufanisi wa asilimia 15, zinafikisha MJ 720 kwenye sufuria. Gesi ya MJ 46 kwa kilo na ufanisi wa asilimia 55 inafanya kazi hiyo kwa kilo 28.5. Hesabu tamu. Lakini nani analipa kuni? Mara nyingi ni mzabuni wa kantini. Chuo kikinunua majiko na mtungi mkubwa, akiba inaingia mfukoni mwa mzabuni, na chuo kinabaki na deni. Dawa yake iko kwenye mkataba: sharti la nishati na bei ya sahani viingie kwenye zabuni inayofuata, siyo katikati ya mkataba uliopo.

Halafu kuna kasma, yaani fungu la bajeti. Ukiokoa milioni 8.5 kwenye umeme, mwaka unaofuata kasma ya umeme inakatwa kiasi hichohicho na idara ya milki, inayotunza majengo, haioni hata senti. Ndiyo maana mafundi hawana hamu. Harvard walilitatua kwa mfuko wa mzunguko wa dola milioni 12: idara inakopa, inarejesha kutokana na akiba, fedha inakopeshwa tena. Kwa chuo cha umma hapa, mfuko wa namna hiyo ukae kwenye mapato ya ndani, upite kamati ya fedha na mipango, kisha Baraza la Chuo. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, hivyo andiko liwe mezani kabla ya Januari, na kifaa kiingie kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka na kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Andiko la Machi ni la mwaka kesho kutwa.

Sasa masomo yenyewe. Fedha na uhasibu wa menejimenti ndiyo nyama. Kaa mbele, fanya kila zoezi kwa namba za chuo chako. Usimamizi wa uendeshaji unakuja pili. Masoko faulu tu upite. Tasnifu ndiko watu hukwama mwaka mzima, maana wanachagua mada pana kama "mchango wa usimamizi wa mazingira katika maendeleo endelevu". Chagua swali lenye mita: ankara za miezi 36, kampasi moja, mradi mmoja. Omba barua ya ruhusa ya data kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo wa fedha na utawala muhula wa kwanza kabisa, kwa sababu ankara za zamani huwa kwenye boksi ambalo hakuna anayekumbuka liko wapi.

Orodha ya kimataifa ya kupanga vyuo kwa utunzaji wa mazingira kama UI GreenMetric, inayoendeshwa kutoka Indonesia tangu 2010, itumie kama mlango tu. Kwa miaka mingi nishati na tabianchi imekuwa na asilimia 21 ya alama, taka 18, maji 10. Wakuu wa vyuo wanaipenda, ila hailipi ankara.

Wa kwenda nje wajue mambo machache. Ufadhili wa Commonwealth wa Uingereza haulipii MBA. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia kwa kikomo cha ada, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na unarudi nyumbani kwa miaka miwili. Dirisha hufunguka Agosti, hufungwa Oktoba au mapema Novemba kutegemea mwaka. GMAT (mtihani wa kuombea nafasi ya MBA) ya sasa ni saa mbili na robo, sehemu tatu za dakika 45, alama kuanzia 205 hadi 805. Kwa MBA ya mtandaoni ya chuo cha nje, thibitisha na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwamba shahada hiyo itatambuliwa kabla hujatuma awamu ya kwanza ya ada.

Na kama muundo wako wa utumishi hautambui MBA kabisa, acha kwanza. Cheti cha CEM cha usimamizi wa nishati kinaweza kukufaa zaidi, na karatasi ya kapasita unaweza kuiandika bila cheti hicho wala MBA. Wiki hii omba ankara 12 za mwisho, chora kVA na pawa fakta mwezi kwa mwezi, kisha njoo na namba tuzipitie.