Waulizeni wazee wenyewe kwanza

Umeuliza tuwaenzi vipi wazee waliopigana vita, zaidi ya gwaride na shada la maua. Anzeni kwa kuwauliza wenyewe, maana yupo ambaye mlio wa fataki au mizinga ya heshima humrudisha vitani usiku kucha. Siku ya sherehe mwekeeni kiti kivulini, hotuba ziwe fupi, medali avalishwe na mjukuu wake.

Kubwa zaidi ni kurekodi sauti zao mapema. Aliyekuwa na miaka 18 Vita Kuu ya Pili ilipoisha mwaka 1945 alizaliwa 1927, wamebaki wachache mno! Mwacheni ataje majina ya wenzake waliokufa, na akinyamaza katikati msimharakishe. Wiki inayofuata mtu apite tena kumjulia hali.