Ukiwa na Subaru, tairi mbili mpya ni msala

Juzi usiku kuna dogo kanitumia meseji: "Kaka shikamoo, nina Subaru WRX ya 2006 kama yako, tairi za mbele zimeisha kabisa, nina laki mbili na nusu, nimepata used za Japan mbili zina kashata balaa, nichukue?" (Kashata ni yale meno ya tairi yanayoshika barabara.) Nilikuwa kitandani tayari na ile meseji ikanitoa usingizi, maana ningeweza kuiandika mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita, mpaka hiyo bajeti ni ileile. Nikamjibu kwa kifupi asinunue, nikamuahidi sababu nitaandika hapa ili na wengine wasome, kwa sababu najua mpo wengi na mnaona aibu kuuliza.

Gari yangu wanaonifuatilia mnaijua. Nyeusi, manyuo, turbo, farasi 250 ilivyotoka kiwandani. Niliitafuta muda mrefu na habari za kuagiza na kulipia ushuru siziongelei leo, zinajulikana. Nachotaka kusema ni kwamba ilipofika tu nilianza kuimwagia hela. Egzosti kubwa, rimu nilipaka rangi upya, taa, siti, redio. Kwa mwaka mmoja nilitumia kama milioni 3 na nusu na katika hiyo hela hata shilingi moja haikwenda kwenye tairi. Tairi nilikuwa naziangalia zikiwa na pancha tu. Na nyinyi mnaosoma hapa najua mko hivyohivyo, mtu anajua turbo yake inasukuma kiasi gani ila muulize tairi zake za mwaka gani, hajui.

Sasa za mbele zikaisha, zikawa kipara upande wa ndani, za nyuma zilikuwa zimebaki na kama milimita 3. Tulikuwa tuna safari ya Iringa, shemeji yangu anaoa, na hela imekata. Nikaenda kwa muuzaji wa used mmoja hapa Dar, kijiwe chake simtaji, akanitolea tairi mbili zinang'aa kwa ile dawa ya kupaka. Nikabonyeza na ukucha, rabba laini kama ndala mpya, kashata ndefu, na juu ya kila kashata kuna vikato vyembamba vingi kama mtu kachanja na wembe. Ubavuni zimeandikwa STUDLESS, nikadhani ndo jina la toleo. Yule bwana akaniambia "hizi original za Japan, hazijatembea", nikatoa laki mbili na ishirini, zikafungwa mbele, nikaondoka nimefurahi kweli.

Ndugu zangu, zile ni tairi za theluji.

Japani wenye magari kwenye mikoa ya baridi wanabadilisha tairi msimu wa barafu ukiingia, na wakishazichoka nyingi zinaishia kwenye makontena yanayokuja kwetu. Rabba yake imetengenezwa ibaki laini kwenye baridi kali, na vile vikato vya wembe ni vya kung'ata barafu. Hebu niambie barafu ya Mbagala iko wapi? Kwenye lami yetu saa nane mchana ile rabba inalegea, kashata zinacheza, ukikata usukani gari inawaza kwanza ndo inageuka. Na ile herufi ya spidi mwisho wa saizi ilikuwa Q, yaani tairi inahimili 160 basi, wakati gari kama hii inatoka na W ambayo ni 270. Msiniambie "kwani nani anakimbia 270", siyo suala la kukimbia. Ile herufi inakuambia tairi inavumilia moto kiasi gani, na bongo moto tunao mwaka mzima.

Kwenda tulienda salama. Nilihisi usukani unaelea toka Chalinze ila nikajifariji kwamba ni upepo umezidi. Kurudi ndo balaa. Tunashuka mlima wa Kitonga, mvua imekatika muda mfupi, lami imelowa na inateleza na mafuta ya malori, mbele yangu kuna semi inashuka kwa gia ndogo. Nilikuwa spidi 40, sikuwa na papara yoyote. Nimeingia kona nikagusa breki kidogo tu, mkia wa gari ukaniacha. Yaani ulitoka nyuma ukaja pembeni yangu, upande wa korongo, na kwa sekunde nilikuwa naliangalia tela la lile lori kupitia dirisha la mke wangu badala ya kioo cha mbele. Niliachia breki nikarudisha usukani, gari ikakaa. Mungu tu. Mke wangu alikuwa ameweka kiganja kwenye dashibodi, vidole vimetanuka, na hakukitoa pale mpaka tulipofika Ruaha Mbuyuni. Hakusema neno. Morogoro tuliposimama kula ndo akaniambia, "Una hela ya egzosti, hela ya tairi huna."

Hiyo sentensi mpaka leo ninapoandika hapa inaniuma.

Kilichotokea kiko hivi. Watu wengi wakinunua tairi mbili wanazifunga mbele, wanasema mbele ndo kwenye usukani. Kwenye maji tairi iliyoisha haina mifereji ya kutoa maji, inapanda juu ya maji inaelea, na ikielea ya mbele angalau gari inaenda moja kwa moja na unaihisi mapema kwenye usukani. Ikielea ya nyuma gari inageuka na hukupewa taarifa. Kwa hiyo kwa gari ya kawaida kama umelazimika kununua mbili, zile nzuri zinakaa nyuma. Hata kama inasukuma mbele, nyuma. Ila kwa Subaru hata huo ujanja haukusaidii, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri.

Wiki iliyofuata nimefika nyumbani naingiza gari getini, nimekata usukani wote, gari ikawa nzito kama nimevuta hendibreki. Inaruka-ruka, inagoma, na kuna harufu kama mafuta yaliyoungua. Nikaipeleka kwa fundi, mzee mmoja wa Ilala aliyezishika hizi gari toka zinaanza kuingia, hakufungua hata boneti. Alichukua uzi na chaki. Akazungusha uzi kwenye tairi ya mbele, akaweka alama, akaenda ya nyuma akazungusha, akaweka alama nyingine, halafu akaunyoosha uzi mbele ya macho yangu. Kati ya alama na alama palikuwa na upana wa vidole viwili.

Akasema, "Hivi vidole viwili ndo vimeua senta difu yako."

Nikamuomba anieleweshe, na mimi nikaja kupiga hesabu mwenyewe nyumbani. Saizi yangu ni 215/45R17, yaani upana milimita 215, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu inchi 17. Tairi ikiwa na kashata ya milimita 8 na nyingine ina 3, kipenyo kinatofautiana milimita 10, na mzunguko unatofautiana kama milimita 31. Unaweza ukaona ni kitu kidogo, lakini maana yake ni kwamba tairi ndogo inabidi izunguke kama mara 8 zaidi kwenye kila kilomita ili iende sawa na mwenzake. Dar mpaka Iringa na kurudi ni kama kilomita 1,000, piga mara 8. Sasa WRX ya manyuo inasukuma tairi zote nne, na katikati ya mbele na nyuma kuna ile senta difu yenye mafuta mazito ndani, kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo unapokata kona halafu ipumzike. Mimi nilikuwa nimeipa kona isiyoisha ya kilomita elfu moja. Yale mafuta yakachemka, ikajifunga, ndo ule uzito getini. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi zako isizidi milimita 6 hivi. Mimi nilikuwa na 31!

Kuibadilisha, pamoja na ufundi, ilinitoka milioni 1 na laki mbili. Bahati tu kwamba inatolewa kwa nyuma ya gia boksi bila kushusha gia boksi nzima. Ile hela ningenunua tairi nne mpya za maana na chenji ikabaki. Nilirudi kwa yule muuzaji, sikwenda kugombana, nilienda kumwambia asiendelee kuuzia watu tairi za theluji, akaniambia mbele ya vijana wake kwamba nikauze gari ninunue pikipiki, wakacheka. Na wale wenzangu tuliokuwa tunakutana Jumapili na magari yetu, nilipowaeleza, jibu lilikuwa "Subaru ndo zilivyo". Hapana. Subaru haziko hivyo, sisi ndo tuko hivyo, na nimeacha kwenda kwenye hizo Jumapili.

Gari ilikaa miezi mitano. Mke wangu akawa anapanda mwendokasi, gari iko nje. Nikawa naweka hela kidogo kidogo mpaka nikafunga nne mpya, aina moja, toleo moja, saizi ileile ya kwenye stika ya mlango wa dereva. Kuna jamaa walinishauri nipande rimu 18 gari ipate muonekano, nikakataa. Kwenye 45 ya 17 una karibu sentimita 10 za rabba kati ya rimu na lami, ukienda 215/40R18 zinabaki 8 na nusu hivi, na ukitoka tu barabara kubwa kuingia mtaani mashimo yetu mnayajua, tairi inatoa nundu ubavuni na rimu inapinda. Mwenye kuishi kwenye lami mpaka mlangoni aende 18, mimi siishi huko.

Nilivyochagua ni rahisi na kila mtu anaweza. Nilisoma ubavu wa tairi. Basi. Dukani nilienda na tochi ya simu nikachuchumaa nikasoma, muuzaji akawa ananiharakisha, nikaendelea kusoma. Namba nne za mwisho baada ya neno DOT ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na mimi sichukui tairi iliyovuka miaka miwili dukani hata iwe haijawahi kugusa lami, rabba inazeeka ikiwa imekaa. Halafu 87W, hiyo 87 ni kilo 545 kwa tairi moja, W nimeshasema. Halafu neno TREADWEAR na namba yake, ikiwa 200 ni tairi laini ya kushika sana na itakwisha haraka, ikiwa 500 ni ngumu ya kudumu, mimi nilichukua ya 300 maana naenda kazini nayo na nasafiri nayo. Pembeni yake kuna TRACTION, hiyo ni namna inavyoshika kwenye lami iliyolowa ukifunga breki, AA ndo ya juu, na kwa masika yetu sishuki chini ya A. Ukiona STUDLESS, au ukaona kamchoro ka mlima wenye ncha tatu na theluji katikati, rudisha hapohapo, usibishane na mtu.

Majina makubwa kina Potenza, Pilot Sport, Advan yote ni mazuri na yote yanauma mfukoni, ila hata jina la kati, ikiwa nne zinafanana na ubavu unasoma vizuri, inashinda kwa mbali jina kubwa lililochoka. Wakati wa kufunga simama pale. Tairi yangu moja kijana aliigeuza, neno OUTSIDE likawa limeangalia ndani, ningekuwa nimeenda kunywa soda nisingejua. Upepo jaza asubuhi tairi zikiwa za baridi, na stika ikiwa imeandikwa kPa gawa kwa 6.9, yaani 230 ni kama PSI 33 kwenye geji zetu. Fanya alaimenti. Kila kilomita 8,000 hamisha za mbele nyuma ili ziishe pamoja, maana ukiziacha zitaanza kutofautiana na utarudi kwenye vidole viwili.

Jumamosi iliyopita tumeenda tena Iringa, mtoto wa shemeji anabatizwa. Kurudi Kitonga mvua ilikuwa inanyesha kabisa, siyo imekatika, inanyesha. Nilishuka na gari ikawa inafuata mkono wangu. Kwenye ile kona niligeuka nikamtazama mke wangu, alikuwa amelala.

Sasa vijana acheni kushindana kwa mlio. Mlio hausimamishi gari. Kinachoshika ardhi ni sehemu nne kila moja kama kiganja cha mkono, na wewe kwenye hivyo viganja vinne unaweka mtu na mtoto wake halafu unatafuta cha bei rahisi. Kama hela haitoshi nne, paki gari. Siyo aibu kupaki gari, mimi nimepaki miezi mitano na sijafa. Usichukue mbili, nimeshasema na narudia, usichukue mbili.

Yule dogo nilimwambia anitumie picha ya ubavu wa hizo tairi. Amenituma leo asubuhi. Ni 3813, wiki ya 38 ya mwaka 2013, na juu yake STUDLESS imeandikwa kwa herufi kubwa. Akaniambia tatizo ni kwamba ameshatanguliza elfu hamsini ya kushikia. Nimemwambia hiyo elfu hamsini aiache hukohuko.