Zamu za jioni: anza na daftari
Dada wa Chake Chake, umeuliza kwa nini wafanyakazi wa kaunta ya maktaba ya chuo wananung'unika pembeni lakini kikaoni kimya. Usianze na kikao, anza na daftari la zamu. Hesabu wiki 8 zilizopita: nani kafunga jioni, nani kashika Jumamosi? Mara nyingi ni majina yale yale, na wanaokaa mbali na barabara ya daladala ndio wanaoumia zaidi. Panga mzunguko mpya, ubandike siku 14 kabla. Kubadilishana ruhusa, ila kuandikwe. Wanaobaki kaunta wakati wa sala ya Ijumaa wafidiwe saa hizo siku nyengine. Hilo husahauliwa sana, na linachoma. Ramadhani, wa jioni watoke wawahi futari. Kikaoni aanze kusema mdogo wa cheo, maana mkuu akitangulia, wengine huona haya kumpinga.