Greenland ni ya nani?

SWALI: Salamu mhariri. Mimi nauza samaki hapa Kasenyi, Entebbe. Redioni ni Greenland kila siku, mara Marekani inaitaka mara Denmark inakataa. Kwani wanaoishi kule hawana nchi? Na kama madini yamejaa hivyo mbona hawajitegemei? Na sisi Uganda tusio na bahari tuna chochote huko?
Mchuuzi, Kasenyi

JIBU: Asante kaka. Kisiwa kile kiko chini ya ufalme wa Denmark, lakini wenyewe wapo, kama 57,000 hivi, wengi Wainuit, wenyeji wa asili wa kule, ukiwaleta wote Namboole uwanja unajaa na wengine wanabaki nje. Wana bunge na serikali yao Nuuk, mji mkuu wao, walianza kujiendeshea mambo ya ndani 1979, halafu sheria ya 2009 ikawapa madini yao na ikasema siku wakitaka uhuru kamili wataamua wenyewe kwa kura. Jeshi na mambo ya nje ndo bado yako kwa Denmark. Kwa hiyo anayeenda Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, kuulizia bei anamuuliza asiye mwenye mali, na mimi hilo linaniuma sana, watu wanatajwa kama shamba.

Sasa pesa. Karibu nusu ya bajeti ya serikali yao ni ruzuku kutoka Denmark, humo mna hospitali na shule na mishahara. Na sheria hiyohiyo inasema mapato ya madini yakizidi kroner (pesa ya Denmark) milioni 75 kwa mwaka, nusu ya hicho kilichozidi inakatwa kwenye ruzuku. Yaani ukichimba sana msaada unapungua mpaka uishe, na kuchimba kwenyewe ni kazi, baridi ile, barabara za kuunganisha mji na mji karibu hamna, ni meli au ndege. 2021 wakapiga marufuku kuchimba urani, mradi mkubwa wa madini wa Kuannersuit ukakwama kwa sababu madini yake yamechanganyika na urani, maana watu wa Narsaq hapo jirani waliogopa vumbi lake. Walihitaji hela na bado wakakataa, mi nawaheshimu kwa hilo.

Wanachokula leo ni samaki, kama wewe. Karibu kila wanachouza nje ni kamba wa baharini na samaki, na ndo maana 1982 walipiga kura wakatoka kwenye jumuiya ya Ulaya, wakaondoka rasmi 1985 ingawa Denmark yenyewe ilibaki, walichoka meli za Ulaya kugawiwa samaki wao. Kaka, we unajua hii habari kuliko mimi. Ukipasua sangara ukatoa bondo, kile kibofu chake cha hewa, unaliweka pembeni peke yake, anakuja mnunuzi analigeuza mara mbili mkononi anataja bei, basi, ziwa ni letu lakini bei imetoka Asia. Greenland wanataka vyote viwili, bahari na bei, na ruzuku ikiondoka kesho samaki peke yao hawatoshi kulipa manesi.

Kuhusu sisi: ncha ya kusini, Antaktika, uchimbaji madini umekatazwa na mkataba wa 1991. Kaskazini, kila nchi ya pwani ina maili 200 zake na inaweza kudai sakafu ya bahari zaidi ya hapo, ila ile sakafu ya mbali isiyo ya nchi yoyote ni mali ya binadamu wote. Uganda iliridhia mkataba wa bahari 1990, kwa hiyo mamlaka ya kimataifa ya sakafu ya bahari ikikaa kule Kingston, Jamaica, kuamua nani achimbe na faida igawanywe vipi, kiti chetu kipo.